Mwindaji Mdogo Sebuleni: Jinsi ya Kumchagua Samaki wa Tangi la Nyumbani

Miongoni mwa mapambo yanayopendwa katika nyumba za mijini, tangi la kioo lenye samaki hai lina sifa ya peke yake. Halipigi kelele, halichoshi macho, nalo huwakusanya watoto na wazee mahali pamoja bila ya ugomvi. Wanaoanza ufugaji huu aghalabu hupendelea samaki wadogo wa rangi za kumeremeta, waendao makundi makundi. Lakini haupiti muda mrefu kabla ya jamaa hao kutamani samaki wa namna nyingine: mwenye mdomo mpana, macho ya kuvizia na mwendo wa chui nyasini, ambaye ukimtazama mara moja wajua kwamba huyu ni mwindaji.

Tamaa hiyo si mbaya. Samaki mwindaji hutazama nje ya kioo, humtambua amletaye chakula, na kila atendalo lina maana ya kujifunza. Hasara huja pale mnunuzi anapomchagua kwa sura peke yake. Samaki wa urefu wa kidole, aliyependeza siku ya kununuliwa, baada ya mwaka huwa amewala wenziwe wote na hana tena nafasi ya kugeukia. Hapo mwenye nyumba hubaki na maswali mawili tu: amuue, au amtupe ziwani? Makala haya yamekusudiwa kumsaidia msomaji asifikishwe kwenye maswali hayo.

SOMO LILILO MBELE YA MACHO YETU

Hakuna mahali panapofaa kulizungumzia jambo hili kuliko Bukoba. Mkazi wa Kata ya Bilele, katikati ya mji, huweza kwenda kwa miguu hadi ufukweni na kukitazama Kisiwa cha Musira. Wenzake wa Muleba wana visiwa vyao vya wavuvi, kama vile Bumbire, Ikuza na Goziba. Wote wanaishi kando ya ziwa lililopata kuletewa mwindaji mgeni, na matokeo yake yanajulikana.

Kabla ya sangara, Ziwa Victoria lilikuwa makao ya aina zipatazo 500 za samaki wadogo tuwaitao furu. Wengine walikula majani ya majini, wengine konokono, wengine wadudu, na zaidi ya aina mia moja walikuwa wala samaki. Katika miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni waliona kwamba furu ni wadogo, wana miiba mingi na bei yao ni hafifu. Wakapendekeza aletwe samaki mkubwa kutoka Ziwa Albert awageuze furu hao kuwa nyama ya thamani. Si wote waliokubali. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi katika shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki kule Jinja, alichapisha maandishi ya kupinga mpango huo. Mwaka huo huo sangara walikwisha kuonekana ndani ya Ziwa Victoria, na mwaka 1962 na 1963 wengine waliongezwa kwa makusudi.

Kwa miaka mingi hapakuonekana badiliko kubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara waliongezeka kwa kasi ya ajabu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wameanza utafiti wao Mwanza mwaka 1977, walijikuta wakiandika habari za kutoweka kwa samaki wale wale waliokuja kuwachunguza. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka, na miongoni mwa walioumia zaidi ni wale furu waliokuwa wawindaji. Uchafuzi wa maji na uvuvi uliopita kiasi navyo vilichangia.

Haki hata hivyo itendeke. Sangara amejenga viwanda, ameajiri watu na ameliletea taifa fedha za kigeni. Familia nyingi za Kagera zimesomesha watoto kwa samaki huyo. Lakini mfugaji wa nyumbani, ambaye tangi lake ni ziwa dogo, hana budi kulichukua somo lake: mwindaji hupimwa kabla ya kuingizwa majini. Akishaingia, yeye ndiye atakayewapima wengine.

VIPIMO VINNE

Kabla ya kutoa fedha, yampasa mnunuzi kupata majibu ya maswali manne.

Kwanza, samaki huyu akikomaa atakuwa na urefu gani? Usiulize ana urefu gani leo. Katika tangi la kadiri, mwindaji anayefaa ni yule asiyezidi sentimita 15 au hivi katika utu uzima wake.

Pili, mdomo wake wapitisha nini? Kanuni ni nyepesi kukumbuka: samaki yeyote anayeenea mdomoni ni chakula, hata kama wamekaa pamoja miezi sita kwa amani. Siku moja usiku atamezwa. Samaki wa kukaa na mwindaji awe na kimo cha kukaribiana naye.

Tatu, anataka maji gani? Kuna samaki wa maji laini ya vinamasi, na kuna wa maji magumu yenye chumvichumvi za mawe. Kumweka mmoja katika maji ya mwingine ni kumdhoofisha polepole.

Nne, ametoka wapi, na asipotakiwa atakwenda wapi? Swali hili wengi hawaliulizi, nalo ndilo lenye madhara makubwa kupita yote.

TANGI LENYEWE

Tangi la kadiri tunalolizungumzia ni lenye urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 40. Likijazwa maji hadi kimo cha sentimita 35 litachukua lita 126. Fundi wa vioo mwenye gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu aweza kulitengeneza hapa hapa mjini. Lakini ikumbukwe kwamba lita moja ya maji ni kilo moja: pamoja na mchanga, mawe na kioo chenyewe, uzito utapita kilo 150. Meza ya kawaida ya sebuleni haitaustahimili. Seremala atengeneze kigoda imara, kisimame sawasawa, mbali na dirisha lipigwalo na jua.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Maji meupe ya tangi zuri huundwa na viumbe visivyoonekana. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waishio katika kichujio na juu ya mchanga huigeuza sumu hiyo hatua kwa hatua mpaka ikawa kitu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji muda wa wiki nne hadi sita kustawi. Kwa hiyo, tangi na kichujio vitangulie kufanya kazi. Samaki wafuate, wachache wachache. Samaki wala nyama huchafua maji kuliko wala majani, basi kila wiki robo ya maji ibadilishwe. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae kwanza katika ndoo wazi usiku na mchana mzima.

Bukoba si Dar es Salaam. Usiku wa huku, hasa wakati wa mvua, huwa na ubaridi, ilhali samaki tutakaowataja hupenda joto la kati ya nyuzi 24 na 27. Hita ndogo na kipimajoto ni vifaa vya lazima. Umeme ukikatika, lifunike tangi kwa blanketi lililokunjwa na usilishe mpaka kichujio kianze tena. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku mbili. Hufa kwa maji machafu.

WATATU WANAOSTAHILI

Wa kwanza ni furu mwenyewe, samaki wa nyumbani kwetu. Kati ya furu wa mawe wanaojulikana kwa wafugaji duniani, yupo mmoja ambaye kila Mtanzania angependa kumjua. Mwaka 1985 wataalamu wawili Waholanzi, Witte-Maas na Witte, walimwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi na kumpa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 kundi lake likapewa jina la Kiswahili, Pundamilia, kwa sababu ya mistari yake myeusi. Hivyo basi jina lake kamili la kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano uliokatwa kwa mistari. Ana uso wa vita, hulinda jiwe lake kama askari wa zamu, lakini kimo chake ni cha sentimita kumi au pungufu, na chakula chake hasa ni wadudu na viumbe vidogo vielekeavyo majini. Ni mkali wa sura na tabia bila ya kuwa mmezaji wa wenzake wa kimo chake.

Afugwe dume mmoja na majike watano au sita, pamoja na mawe mengi yaliyopangwa yakaacha mapango. Madume wawili katika tangi la kadiri ni vita isiyokwisha. Watoto watapata darasa kubwa hapa, kwa kuwa jike huatamia mayai mdomoni. Kwa muda wa wiki mbili hadi tatu hali chakula, au hula kidogo sana, taya limemvimba, hata siku ya kuwatema watoto wake. Katika ziwa walikuwako furu ambao kazi yao ilikuwa kuwanyang'anya akina mama hao mayai na watoto kutoka mdomoni. Kwa samaki hawa wadogo, uwindaji ulikuwa umefika kiasi hicho cha ustadi.

Lipo onyo moja. Usichanganye furu wa aina mbili zinazofanana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 na 1998 ulionyesha kwamba majike wa furu hawa humtambua dume wa aina yao kwa rangi yake. Maji yakiwa machafu, au taa ikiwa ya rangi moja ya machungwa, hushindwa kutofautisha na kuzaa na dume wa aina ya jirani. Kwa hiyo, tumia taa nyeupe, tunza weupe wa maji, na weka aina moja tu. La sivyo, baada ya vizazi viwili utakuwa na samaki wasio na jina.

Wa pili hana sifa za rangi, lakini ana sura kamili ya mviziaji. Ni samaki mdogo wa vinamasi vya mafunjo katika bonde la Ziwa Victoria na Mto Naili, aitwaye na wataalamu Ctenopoma muriei. Urefu wake hauzidi sentimita tisa. Mwili wake ni wa rangi ya majani makavu, na hukaa kimya katikati ya mimea akisubiri mdudu au samaki mchanga apite. Ajabu yake ni kwamba huvuta hewa. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha pekee kinachomwezesha kuishi katika maji ya kinamasi yasiyo na hewa ya kutosha; kila baada ya muda hupanda juu, akapiga funda moja na kushuka. Ndiyo maana lazima pabakie nafasi ya sentimita tano kati ya maji na kifuniko. Na kifuniko chenyewe kisikosekane, maana huruka.

Samaki huyu hataki mkondo wa nguvu wala mwanga mkali. Maji laini ya Kagera, nchi ya mvua nyingi, yanamfaa kama yalivyo. Watano au sita watatosha katika lita 126, pamoja na mimea mingi. Ndugu yake wa bonde la Kongo, Ctenopoma acutirostre, mwenye madoa kama ya chui, ni maarufu zaidi madukani na hufikia sentimita 15. Huyo naye aweza kufugwa, lakini mmoja au wawili tu.

Wa tatu anatoka Ziwa Tanganyika. Wataalamu humwita Altolamprologus compressiceps, nao wafugaji wa dunia nzima wanamjua kama mmoja wa samaki wenye sura ya uwindaji iliyokamilika. Mwili wake ni mrefu kwenda juu na mwembamba ubavuni kama mkate wa kumimina uliosimamishwa, ili apenye katika nyufa za mawe na kuwachomoa uduvi. Huinama kichwa, hutulia, kisha hurusha mdomo wake mbele ghafla. Akichokozwa humgeuzia adui ubavu wake wenye magamba magumu. Hufikia sentimita 13 hivi, jike akiwa mdogo kuliko dume, na hukua polepole mno. Aliyenunuliwa mdogo aweza kuchukua miaka miwili kukomaa.

Ugumu wake ni maji. Ziwa Tanganyika lina maji magumu, yaliyo mbali kabisa na maji ya mvua ya Bukoba. Amtakaye hana budi kuweka mawe ya chokaa na mchanga wa makombe ili kuyafanya maji yawe magumu, na kuyapima mara kwa mara kwa dawa za kupimia. Asiyekuwa na subira hiyo amwache Kigoma.

Kwa familia inayoanza, maoni ya makala haya ni kuchagua furu, kwa sababu ya watoto, rangi na uzazi wake. Mwenye kupenda utulivu na kuvizia achukue yule wa vinamasi. Yule wa Tanganyika ni wa mfugaji aliyekwisha kuhitimu. Na kila mmoja akae na wa aina yake. Watatu hawa hawana maji mamoja.

WASIOFAA HATA KIDOGO

Wapo wanaouzwa au kupewa bure wakiwa wachanga, nao huvutia sana. Mtoto wa sangara ana macho yanayong'aa, lakini mzazi wake aweza kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Kambare mchanga ni mchangamfu. Akikomaa hupita mita moja. Kamongo, ambaye huweza kuishi tope likikauka, naye hukaribia mita mbili na ana taya la kukata kidole. Hongwe ni wa ziwani, si wa sebuleni. Na yule samaki wa Amerika ya Kusini aitwaye oska, auzwaye mijini akiwa na sentimita tano, hupita sentimita 30 na huhitaji tangi mara tatu ya hili letu. Hawa wote hawana kosa. Kosa ni la kipimo.

CHAKULA CHA MWINDAJI

Mwindaji si lazima apewe samaki hai. Desturi hiyo huleta magonjwa tangini na huwafundisha watoto kufurahia mateso. Dagaa wabichi waliokatwa vipande, wasiotiwa chumvi, ni chakula kizuri. Minyoo kutoka kibanjani, chini ya matandazo ya migomba, hupendwa na wote watatu. Ioshwe vizuri, na isichimbwe mahali palipopigwa dawa ya wadudu. Uduvi wadogo wa ziwani ndio bora kwa yule wa Tanganyika. Nyama ya ng'ombe na mafuta yake haifai, kwa sababu tumbo la samaki haliiwezi.

Lisha kidogo mara moja au mbili kwa siku, kiasi cha kuliwa kwa dakika mbili. Siku moja kwa wiki wafunge.

Yapo pia mambo ambayo chakula hufanya ndani ya mwili wa samaki. Yupo furu mmoja wa ziwa letu, Astatoreochromis alluaudi, ambaye ana mifupa ya koo yenye nguvu ya kuvunja konokono, hata wale wenye kichocho. Watu walitumaini kumtumia katika mabwawa kuangamiza konokono hao. Mwaka 1965 mtaalamu Humphry Greenwood alionyesha kwamba samaki wa aina hiyo waliolelewa tangini kwa chakula laini hukua na mifupa dhaifu ya koo. Hivyo, mwenye tangi kwa kiasi fulani humuumba samaki wake kwa mkono ule ule unaomlisha.

NJIA YA KUJA NA NJIA YA KUONDOKA

Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Anayetaka kukamata samaki hai au kuwasafirisha kutoka ziwa moja hadi jingine aende kwanza kwa Ofisa Uvuvi wa Manispaa au Wilaya, aelezwe vibali vinavyotakiwa. Asinunue kwa mtu anayevua kwa sumu. Samaki aliyepigwa sumu huonekana mzima siku ya kwanza tu.

Na sasa tuseme juu ya kuondoka. Samaki wa tangi asitupwe ziwani, wala katika Mto Kanoni, wala katika shimo la maji, hata kama ni wa ukoo wa furu. Aliyetoka Tanganyika aweza kuwa mgeni mwenye madhara katika Victoria, na hata furu wa Mwanza akiachiwa Bukoba aweza kuchanganya damu na furu wa huku, au kuwaletea maradhi ya tangini. Asiyetakiwa apewe mfugaji mwingine, au shule yenye tangi. Ikishindikana kabisa, heri kumwua kwa haraka kuliko kumwachia.

Lakini njia hii ina upande wake wa heri. Baadhi ya furu ambao ziwa liliwapoteza waliendelea kuishi kwa kuzalishwa katika bustani za wanyama na matangi ya watu binafsi huko Ulaya na Marekani. Mmoja wao ni mla samaki mdogo, Haplochromis perrieri, mwindaji halisi anayeenea katika kiganja cha mkono. Watu walio mbali, ambao pengine hawajapata kuliona ziwa letu, wamebadilisha maji kila wiki kwa miaka mingi ili samaki huyo asifutike duniani. Haingekuwa vibaya kama watoto wa Bilele, Kashai na Muleba wangejifunza kazi hiyo hiyo mapema, wakiwa karibu na maji yenyewe.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda kumchagua mwindaji wako, chukua rula mfukoni na maswali manne kichwani. Mwulize muuzaji urefu wa utu uzima, tazama mdomo, pima maji, na ujue mwisho wake kabla ya mwanzo. Ukiridhika na majibu yote manne, mlete nyumbani, uachie mfuko wake uelee tangini nusu saa, ukimwongezea maji mapya kidogo kidogo. Kisha mzime taa mumwache apumzike. Kesho yake atatoka mwenyewe kwenye jiwe kuwatazama ninyi.